Jueni Hatari ni ya Nani Kabla Meli Haijang'oa Nanga

Wanangu, mkija barazani huwa mnaniuliza habari za mtaji. Kontena la futi 20 kutoka China litakula kiasi gani? Nianzie Yiwu au Guangzhou? Nichangie kontena na wenzangu au nisubiri nijaze la kwangu? Ni maswali mazuri, ila majibu yake mtayapata kwa wenzenu wa Kariakoo walioko safarini sasa hivi kuliko kwangu niliyekwisha kustaafu. Liko swali moja sijasikia kijana akianza nalo, nami ningependa liwe la kwanza: mzigo ukiharibika saa hii, hapo hapo ulipo, hasara ni ya nani?

Liulizeni mzigo ukiwa ghalani kwa muuzaji. Liulizeni tena ukiwa juu ya lori kuelekea bandari ya kule, ukiwa unaning'inia kwenye kreni, ukiwa katikati ya Bahari ya Hindi, ukiwa umepangwa yadi Dar es Salaam au Mombasa, ukiwa barabarani kwenda Lubumbashi. Jibu hubadilika njiani, na hubadilika mahali maalumu palipoandikwa kwenye karatasi. Katika kazi yangu ya uwakala wa forodha nimeona biashara nyingi zikifa, na zilizouawa na dhoruba ni chache mno. Nyingi zilikufa kwa sababu mwenye mzigo aliamini hatari ni ya mtu mwingine, kumbe ilikwisha kuhamia kwake wiki kadhaa nyuma bila yeye kujua.

Chukueni herufi tatu ambazo nyote mnazijua: CIF. Muuzaji anakutumia ankara ya awali, imeandikwa CIF Dar es Salaam, yaani bei ya bidhaa, bima na nauli ya meli vyote vimo. Kijana anaisoma anafurahi, anasema muuzaji amebeba kila kitu mpaka mlangoni kwetu. Sivyo hata kidogo. Kwa mujibu wa kanuni za Incoterms, ambazo Chemba ya Kimataifa ya Biashara imekuwa ikizitoa tangu 1936 na ambazo toleo lake la sasa ni la 2020, muuzaji wa CIF hulipa nauli hadi Dar es Salaam, lakini hatari inakuhamia wewe pale pale mzigo unapopakiwa melini katika bandari ya kule. Kuanzia hapo ukilowa umelowa wako, ukizama umezama wako. Aliyelipa nauli ni yeye, atakayelia ni wewe.

Na ile bima aliyokukatia? Kanuni zinamtaka akate ya kiwango cha chini tu, inayokwenda kwa masharti ya C, yaliyo finyu kuliko yote katika bima ya mizigo. Bima hiyo hulipa meli ikizama, ikikwama, ikigongana au ikiungua, na hulipa mzigo uliotoswa baharini ili kuokoa chombo. Wizi hailipi. Maji ya mvua yaliyopenya kwenye tundu la paa la kontena hailipi. Sasa nipeni hesabu wenyewe: mizigo inayotufikia ikiwa na kasoro, ni mingapi iliyotoka kwenye meli iliyozama, na ni mingapi iliyolowa au iliyopungua? Mwenye godoro lililoota ukungu anapokwenda na cheti chake cha bima akarudishwa mikono mitupu, hakuonewa. Aliuziwa bima ya msiba mkubwa ambao haukumpata, akakosa bima ya msiba mdogo ambao humpata kila mtu.

Sheria za Tanzania na Kenya zinamtaka mwagizaji akate bima ya mzigo wa baharini kwa kampuni zilizosajiliwa nchini. Wako wanaoliona hilo kuwa kero nyingine ya serikali. Mimi naliona ni heri. Nunueni kwa FOB, yaani bei ya bidhaa ikishapakiwa melini bila nauli wala bima, au kwa bei ya bidhaa na nauli peke yake, kisha bima mkate wenyewe hapa nyumbani, kwa kampuni ambayo mnaweza kuingia ofisini kwake kwa miguu na kugombana nayo kwa Kiswahili. Ombeni masharti ya A, ambayo ndiyo mapana. Na hata hayo ya A someni sehemu ya yale yasiyolipwa, maana ndiko mkataba wenyewe uliko: kuchelewa kwa mzigo, ufungashaji mbovu, bidhaa iliyooza kwa asili yake, kufilisika kwa mwenye meli ikiwa ulijua au ulipaswa kujua, na vita. Vita na migomo hukatiwa nyongeza yake.

Kabla ya Novemba 2023 wengi walimwona anayelipia nyongeza ya vita kuwa ni mtu wa kutupa fedha. Tarehe 19 ya mwezi huo Wahouthi wa Yemen wakaiteka meli ya kubebea magari, Galaxy Leader, katika Bahari ya Shamu. Machi 2024 meli Rubymar ikazama karibu majuma mawili baada ya kupigwa kombora. Makampuni makubwa yalikuwa yamekwisha kuacha njia ya Suez, meli zao zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Waliokuwa wakisubiri nguo kutoka Istanbul wakasubiri majuma ya ziada, sikukuu ikapita, na kuchelewa, kama nilivyosema, hata masharti ya A hayakulipi. Mzigo wa sikukuu agizeni mapema kiasi kwamba meli ikichelewa mwezi mzima bado mtauza.

Sasa sogeeni niwaonyeshe karatasi yenyewe, hati ya shehena, ile mnayoiita B/L. Nimewaona vijana wakiikunja na kuitia mfukoni kama risiti ya dukani. Juu kushoto pana jina la aliyetuma. Chini yake jina la atakayepokea, na hapo herufi moja ikikosewa katika jina la kampuni yako utalipia masahihisho na utalipia siku za kusubiri masahihisho. Kisha jina la meli na namba ya safari, bandari ya kupakia, bandari ya kushushia. Katikati, kwenye uwanja mpana, kuna namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba, na pembeni yake namba ya sili. Halafu idadi ya maboksi. Kijana akishaiona idadi ile, 500, hutulia.

Lakini karibu na idadi hiyo kuna maneno madogo ya Kiingereza ambayo maana yake ni hii: aliyepakia, aliyepanga na aliyehesabu ni mtuma mzigo, sisi wenye meli tumeambiwa tu kwamba ndani mna vitu hivi. Meli haikuhesabu. Meli ilipokea sanduku la chuma lililofungwa, na ahadi yake ni kukukabidhi sanduku la chuma lililofungwa. Ukilifungua ukakuta maboksi 400 na sili haijaguswa, mwenye meli atakuonyesha maneno yale madogo, na kesi yako imebaki kwa muuzaji aliyeko Guangdong. Kwa hiyo mtu wenu awepo kontena likipakiwa. Kama hamna ndugu wala rafiki kule, lipieni mkaguzi. Na kabla ya boksi la kwanza kuingia, aingie yeye mwenyewe ndani ya kontena tupu, milango ifungwe, asimame gizani aangalie juu na pembeni. Pakionekana hata nukta moja ya mwanga, hapo ndipo maji yatakapopita; kontena hilo likataliwe. Kisha apige picha: kontena tupu, kontena nusu, kontena lililojaa, na sili ikiwa imefungwa, namba yake ikisomeka.

Hati hii hutolewa nakala halisi tatu, na ikishatumika moja kutolea mzigo, zile mbili hazina nguvu tena. Mwenye nakala halisi ndiye mwenye mzigo. Basi msikubali kumaliza malipo kwa sababu tu mmetumiwa picha ya hati kwenye WhatsApp. Picha haitoi mzigo bandarini, na picha hutengenezwa. Ingieni tovuti ya kampuni ya meli, wekeni namba ya kontena, mwone kama kweli limepakiwa na limepakiwa lini. Angalieni meli yenyewe kwa namba yake ya IMO, ile ya tarakimu saba ambayo chombo hukaa nayo tangu kujengwa hadi kukatwa vyuma chakavu. Jina la meli hubadilika. Namba hiyo haibadiliki.

Nina sababu ya kulisema hilo. Mwishoni mwa 1979 meli ya mafuta iitwayo Salem ilipakia mafuta ghafi Kuwait, ikaelekea Ulaya kwa kuizunguka Afrika. Ikiwa njiani, shehena ile ikauzwa kwa Shell kwa karibu dola milioni 56. Shell walikuwa na karatasi zilizokamilika. Meli ikaingia Durban ubavuni imeandikwa Lema badala ya Salem, na huko, wakati Afrika Kusini ya makaburu ikiwa imewekewa vikwazo vya mafuta, ikashusha takriban tani 180,000. Matangi yakajazwa maji ya bahari ili ionekane bado imebeba mzigo. Tarehe 17 Januari 1980, nje ya pwani ya Senegal, ikazama. Meli nyingine ya mafuta, British Trident, ikawaokoa mabaharia, na waliookoa wakashangaa: watu hawa wametoka kwenye chombo kinachozama wakiwa na masanduku ya nguo yaliyofungwa vizuri, lakini daftari la safari halikuokolewa.

Sehemu inayotuhusu zaidi ni ile iliyofuata mahakamani. Shell walidai bima. Shauri likapanda hadi Baraza la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, na 1983 likaamua kwamba mafuta yaliyoibwa Durban hayakupotea kwa janga ambalo bima ile ilikuwa imelitaja. Walichostahili kulipwa ni kile kiasi kidogo kilichokuwa kimebaki ndani ya meli na kikazama nayo. Shell, yenye mawakili wasiohesabika, ilidhani ina bima ya shehena nzima. Ninyi wenye makontena mawili mtasemaje kwamba hamna haja ya kusoma?

Kuna jambo jingine huwashtua hata wazoefu, nalo ni kutakiwa kulipia hasara ambayo haikuugusa mzigo wako. Ni sheria ya kale sana ya bahari. Warumi waliipokea kutoka kisiwa cha Rhodes na iko katika vitabu vya sheria vya mfalme Justiniano. Nahodha wa chombo kilicholemewa akitosa magunia ya mfanyabiashara mmoja ili chombo na mizigo mingine ipone, waliopona humchangia aliyetoswa. Hakuna dhuluma hapo, ni haki tupu. Siku hizi hufuatwa kwa kanuni zinazoitwa za York na Antwerp, na kinachochangiwa si magunia yaliyotoswa tu, bali gharama zote zilizotumika kwa makusudi kuiokoa safari nzima: matagi ya kuvuta, waokoaji, bandari ya dharura.

Ever Given mnaikumbuka nyote. Chombo cha mita 400 kikakwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 na kuuziba kwa siku sita. Dunia ilipiga picha mchanga na lile tingatinga dogo. Wenye mizigo walikuwa na habari nyingine. Aprili 1 mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, yaani mchango huo wa kale. Mamlaka ya Mfereji ilidai dola milioni 916, baadaye ikashuka, na meli ikazuiliwa hadi Julai 7. Zaidi ya makontena 18,000 yalikuwa juu yake, na kila mwenye mzigo alitakiwa kuweka dhamana ndipo apewe chake. Mwenye bima alimpelekea karatasi mtu wa bima akasaini. Asiye na bima alitakiwa kutoa fedha taslimu. Miaka mitatu kabla, Machi 2018, Maersk Honam ilishika moto katika Bahari ya Arabia na mabaharia watano wakapoteza maisha. Wenye mizigo iliyosalimika wakaambiwa waweke dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani ya mzigo kwa ajili ya waokoaji, na asilimia 11.5 ya hasara ya pamoja. Jumlisheni. Mwenye bidhaa ya dola 100,000 isiyokuwa na hata alama ya moshi alitakiwa kuweka dhamana ya dola 54,000 kabla ya kuigusa. Mchango wa aina hii hata ile bima ndogo ya C huubeba. Ndiyo maana nawaambia bima duni ni duni kweli, lakini kusafirisha bila bima kabisa ni kuweka nyumba rehani kwa mambo ya watu usiowajua.

Tena chungueni aliyepewa kuubeba mzigo. Tarehe 31 Agosti 2016 Hanjin ya Korea Kusini, mojawapo ya makampuni kumi makubwa ya makontena duniani, iliomba ulinzi wa mahakama. Meli zake zilikuwa baharini zimejaa, shehena ya karibu dola bilioni 14. Bandari zikakataa kuzipokea bila fedha mkononi, maana nani atawalipa wenye kreni na matagi? Watu waliokuwa wamekwisha kulipa nauli wakalipa tena ili kuyatoa makontena yao, na baada ya kuyatoa wakakosa pa kurudisha matupu. Februari 17, 2017 mahakama ya Seoul ikatangaza kwamba kampuni imefilisika. Nauli ya chini kupita kiasi, kwa kampuni inayosemwa vibaya katika habari za biashara, ni ishara. Msiipokee kwa furaha bila kuuliza.

Kwetu hatari ya namna hii huja kwa sura ndogo zaidi, na inauma zaidi. Wengi wenu hamjazi kontena, mnampa mkusanyaji kule Guangzhou anayechanganya mizigo ya watu kadhaa. Yeye anawapa hati yake, na kampuni ya meli inampa yeye hati ya meli. Hizo ni karatasi mbili tofauti. Nilimshuhudia mkusanyaji mmoja, simtaji, aliyechukua nauli za watu na asiilipe kampuni ya meli. Kontena likafika salama, likakaa bandarini. Wenye mizigo walikuja ofisini na hati zao mikononi, zina mihuri, zina majina yao, na zote hazikuweza kutoa hata jozi moja ya viatu, kwa sababu mbele ya kampuni ya meli mwenye kontena alikuwa mmoja tu na simu yake ilizimwa. Mama mmoja kati yao alikuwa ameweka humo fedha za kikoba cha wenzake. Kwa hiyo mkichangia kontena, mkusanyaji awape namba ya hati ya meli na uthibitisho kwamba nauli imelipwa, wakati meli ingali safarini. Akisita, basi safari ijayo mtafuteni mwingine.

Kuhusu nauli yenyewe sitasema mengi, ila jueni kwamba hupanda na kushuka kuliko bidhaa yoyote mnayouza. Kipimo cha Baltic, kinachoonyesha bei ya kukodi meli za kichele, za makaa, madini ya chuma na nafaka, kilifika 11,793 Mei 2008. Desemba ya mwaka ule ule kilikuwa 663. Kipimo cha Shanghai cha nauli za makontena kilivuka 5,000 Januari 2022, na Februari 2023 kilikuwa kimeanguka chini ya 1,000. Aliyeagiza vigae kwa nauli ya kileleni akavikuta sokoni pamoja na vya mwenzake aliyevileta kwa nauli ya bondeni, atauza kwa bei ya nani? Nauli ikiwa juu sana, agizeni kidogo kidogo, na bidhaa nyepesi yenye thamani kubwa itangulie ile nzito yenye faida nyembamba.

Wale mnaoota kumiliki chombo, nawaomba msome habari za Malcom McLean. Ni dereva wa lori wa North Carolina aliyeipa dunia biashara ya makontena: Aprili 26, 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Mtu huyo huyo, akiwa na uzoefu usio na mfano, alinunua kampuni ya United States Lines 1978, akaagiza Korea Kusini meli 12 kubwa mno kwa wakati ule, zenye mwendo wa polepole ili kubana mafuta, kwa kuwa mafuta yalikuwa ghali na kila mtu alisema yatazidi kuwa ghali. Zilipoingia majini bei ya mafuta ikaporomoka. Wenzake wakakimbia, zake zikajikokota. Novemba 1986 kampuni ikaomba kinga ya ufilisi ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni moja, na zile meli zikanunuliwa kwa bei ya kutupa na Sea-Land, kampuni aliyoianzisha yeye mwenyewe zamani. Alijitwika peke yake hatari ya bei ya mafuta, kwa fedha za kukopa. Kijana anayetaka boti la mizigo la Dar, Unguja na Comoro kwa mkopo wa benki anajitwika hatari hiyo hiyo kwa kipimo chake. Marejesho hayashuki msimu wa kusi unapochafuka na mizigo ikapungua. Ingieni ubia na watu watatu wanne, kila mmoja aweke chake, na mkataba wa mafuta uandikwe kwamba dizeli ikipita bei fulani mwenye mzigo anaongeza nauli.

Upande wa kuuza nje kuna mlango unaoweza kufungwa mzigo wako ukiwa majini. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo. Mbaazi zetu karibu zote zilikuwa zikienda huko, na wakulima wa kusini walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi wa bei ya maana. Wanunuzi wa kati waliokuwa wamekopa kununua mavuno walipata pigo lao kimya kimya. Mkataba wa kuuza nje uandikeni wazi: serikali ya mnunuzi ikibadili sheria baada ya meli kuondoka, nani anabeba? Na mkilipwa kwa LC, yaani ahadi ya benki kulipa ikipokea hati zilizotakiwa, kumbukeni benki haitazami mbaazi, hutazama karatasi. Tarehe ikipishana, uzito ukiandikwa tofauti katika hati mbili, benki ina haki ya kukataa kulipa, na mnunuzi ambaye bei imemgeukia ataifurahia sana kasoro hiyo. Karatasi zenyewe, kama LC haikusema vingine, zifike benki ndani ya siku 21 tangu mzigo kupakiwa.

Bandarini kwetu adui ni kalenda. Storeji ni ya bandari au bandari kavu, dimareji ni ya kampuni ya meli. Ni bili mbili, na zote hupanda kadiri siku zinavyozidi kupita baada ya zile za bure kwisha. Mwenye mzigo wa Bukavu au Kigali ana mzigo juu ya mzigo, kwa kuwa kontena tupu linatakiwa kurudi pwani na dhamana yake imeshikwa mpaka lirudi. Ombeni siku za bure za ziada kabla ya kuthibitisha nafasi melini, wakati bado kampuni inawataka. Baada ya mzigo kufika mnaomba rehema tu. Nyaraka za forodha zianze kushughulikiwa meli ikiwa bado njiani, na fedha za ushuru ziwe zimetengwa pembeni, zisiguswe hata kama kuna bidhaa ya rahisi imejitokeza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bandarini hupotea kwa siku.

Nimalizie kwa siku ya kufungua kontena, maana hapo ndipo wengi huzidiwa na furaha. Msikate sili kabla ya kuilinganisha namba yake na iliyoandikwa kwenye hati, na kuipiga picha ikiwa bado imefungwa. Mkiona dalili ya maji, harufu ya ukungu, boksi lililopasuliwa, simamisheni vibarua hapo hapo, mpigieni mtu wa bima alete mkaguzi, na kitu kisitoke nje mpaka afike. Kampuni ya meli iandikieni siku hiyo hiyo. Kwa kanuni za Hague-Visby, zinazosimamia wajibu wa mwenye meli kwa mzigo, kasoro inayoonekana hutolewa taarifa wakati wa kupokea mzigo, na isiyoonekana ndani ya siku tatu. Kiwango atakacholipa mwenye meli kina kikomo, kinachohesabiwa kwa boksi au kwa kilo, kwa hiyo idadi ya maboksi na uzito viwe vimeandikwa vizuri kwenye hati tangu mwanzo. Na kesi dhidi yake hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu siku uliyokabidhiwa mzigo, au siku uliyopaswa kukabidhiwa. Barua pepe za kubembelezana hazisimamishi mwaka huo. Wakiwaambia subirini tunachunguza, waambieni waandike kwamba wameongeza muda, watie sahihi, na nakala yake mkae nayo.